Niliandika Kuwa Somo Limeeleweka

BARUA

Mwalimu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na ninakuandikia nikiwa kijijini ambako nimepangiwa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo wote tunayaita BTP. Zimebaki wiki mbili nirudi chuoni. Ninafundisha Hisabati Darasa la Sita, lenye wanafunzi 96 walioandikishwa, na siku nyingi wanaohudhuria hawapungui 85, wakibanana wanne wanne katika madawati ya watu watatu.

Wiki iliyopita nilikuwa na somo la kugawanya sehemu, yaani namba kama nusu, robo na theluthi. Nilikuwa nimejiandaa vya kutosha: andalio la somo lilikuwa limesainiwa, nukuu za somo zilikuwa tayari, na usiku wake nilikuwa nimekata maboksi na kuyapaka rangi ili yawe zana. Nilijua pia kwamba mkufunzi angekuja kunikagua, na kweli alikuwa ameketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Nikaandika mfano wa kwanza ubaoni, nikaeleza kanuni kama nilivyofundishwa mimi: sehemu ya kwanza tunaiacha ilivyo, alama ya kugawanya tunaibadili kuwa ya kuzidisha, na sehemu ya pili tunaipindua, asili ikapanda juu na kiasi kikashuka chini. Binti mmoja wa dawati la tatu akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kwa nini tunaipindua ya pili na siyo ya kwanza? Na kwa nini tukigawanya jibu linakuwa kubwa?"

Sikujua. Hesabu hizo nimezifanya tangu nikiwa shule ya msingi, nimezifanyia mitihani na kufaulu, na miaka yote hiyo nimepindua bila kujiuliza. Nilihisi joto likinipanda usoni, nikamwona mkufunzi ameinua macho kutoka kwenye fomu yake, na kabla sijafikiri nikamwambia yule mtoto: "Kanuni ni kanuni. Wenzako wote wameelewa isipokuwa wewe. Kaa chini, usitupotezee muda." Darasa likacheka. Akakaa, akainamisha kichwa mpaka kipindi kikaisha.

Kilichonishtua ni kwamba maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwalimu aliyenifundisha Hisabati nikiwa mtoto, neno kwa neno, hata ile namna yake ya kugonga ubao kwa chaki anapomaliza kusema. Nilimwogopa sana mwalimu yule, na nilipochaguliwa kwenda chuoni nilijiapiza kwamba sitafanana naye.

Somo liliendelea kwa utulivu mkubwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Kipindi kilipokwisha mkufunzi aliniita chini ya mwembe, akanipongeza kwa udhibiti wa darasa, akanipa alama za juu kuliko nilizowahi kupata tangu mazoezi yaanze. Jioni nikajaza sehemu ya mwisho ya andalio. Kwenye tathmini nikaandika, "Somo limeeleweka kwa asilimia 85," na kwenye maoni nikaandika, "Nitaendelea na mada inayofuata." Nilipoweka kalamu chini, chakula kilinishinda.

Tangu siku hiyo yule binti hajanyoosha mkono. Nilimweleza mwalimu mmoja mzoefu wa hapa, naye akasema darasa kubwa huongozwa hivyo hivyo, na kwamba nisiposhika fimbo mapema watanipanda kichwani.

Nina mambo mawili ya kukuuliza. La kwanza, mimi nilitaka kusomea uuguzi, nikakosa nafasi, na baba akanishauri niombe ualimu. Watu husema ualimu ni wito, lakini mimi wito huo sikuusikia. Je, mtu wa aina yangu anaweza kuwa mwalimu? La pili ndilo linaloninyima usingizi: ninaona chuo kimenifundisha kuandaa somo, ila mimi mwenyewe sijabadilika, na ndani yangu bado anaishi yule mwalimu niliyemwogopa. Mtu hubadilikaje? Au niache mapema, kabla sijaharibu watoto wengi zaidi?

Ni mimi,
Mwanachuo mwenye mashaka

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilikujibu kwa ufupi siku ileile nilipoipokea, kwa kuwa wiki mbili zako zisingesubiri zamu ya safu hii. Nimeomba ruhusa yako niijibu tena hapa kwa urefu, kwa sababu katika miaka niliyofundisha shule ya msingi, na mingine mingi zaidi niliyokuwa mkufunzi nikizunguka vijijini kuwakagua wanachuo kama wewe, jambo hili nimelikuta karibu kila mahali, na ni wachache mno waliokuwa na ujasiri wa kulitamka.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara jicho langu limesimama kwenye ile sentensi uliyoiandika jioni. Maneno uliyomwambia mtoto yalikutoka kwa hofu, ukiwa umesimama mbele ya watu karibu tisini na mkaguzi mmoja, katika muda usiozidi pumzi mbili. Sentensi ya jioni uliiandika ukiwa umeketi, peke yako, una muda wa kufikiri, na bado ukaandika kwamba somo limeeleweka kwa asilimia 85. Nikuulize kama mzazi: asilimia hiyo uliipima kwa nini? Najua jibu lako, kwa sababu ni jibu langu mimi pia nilipokuwa kijana, na ni jibu la wanachuo wengi niliowahi kuwasimamia. Hukuipima popote. Uliiandika kwa kuwa nafasi ile lazima ijazwe, na kwa kuwa aliyekutangulia naye aliandika hivyo. Nimeshika mikononi mwangu mamia ya maandalio ya somo, na ningefunika majina yaliyo juu na kusoma maoni yaliyo chini, ningedhani yote yameandikwa na mtu mmoja ambaye masomo yake hueleweka kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Nafasi ile ndogo, mwanangu, ndiyo mahali pekee katika makaratasi yote ya ualimu panapokuuliza wewe. Azimio la kazi linaulizia mada na majuma, shajara ya somo inaulizia ulichokwisha kufundisha, na sehemu ya juu ya andalio inaulizia idadi ya wasichana na wavulana waliohudhuria. Pale chini tu ndipo unapoulizwa ulichokiona na utakachokifanya kwa sababu ya ulichokiona. Swali lako la pili, la jinsi mtu anavyobadilika, ninalijibu kutokea hapo. Chuo hakiwezi kukubadilisha kwa mihadhara, hata ingekuwa mizuri namna gani. Utabadilika kwa kuandika kweli ya siku moja, kisha ya siku ya pili, na kuendelea hata siku ambayo kweli hiyo inakuumiza.

Lakini kwanza tumzungumzie huyo mwalimu uliyemsikia akisema kwa kinywa chako, maana umemwogopa kana kwamba ni pepo. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani aitwaye Dan Lortie alieleza jambo ambalo tangu hapo limekuwa likifundishwa katika vyuo vingi vya ualimu duniani: kwamba mwalimu mtarajiwa hufika chuoni akiwa tayari amekaa miaka mingi mbele ya walimu akiwatazama, na kutazama huko ni aina ya uanagenzi. Tofauti yake na uanagenzi wa fundi seremala ni kwamba mtoto aliye dawatini huona tendo la mwalimu bila kuona fikra zake. Aliona mkono ukigonga ubao. Hakuona kama mwalimu yule alikuwa amechoka, au alikuwa na deni dukani, au naye pia hakujua jibu. Wewe ulimtazama mwalimu wako katika miaka saba ya shule ya msingi, ukaongeza minne ya kuwatazama walimu wa sekondari, na chuoni una mwaka mmoja na ushei. Ulipobanwa, kilichojitokeza ni kile ulichokaa nacho muda mrefu zaidi. Hilo si ushahidi kwamba una moyo mbaya, na wala si udhuru wa kurudia. Maana yake ni kwamba kiapo ulichojiapiza hakikutosha, kwa sababu uliapa kutofanana na mtu fulani bila kujiwekea neno lingine la kusema pale utakapobanwa kama alivyobanwa yeye. Neno hilo nitakupa baadaye kidogo.

Sasa nirudi kwenye swali la yule binti, kwa sababu naona katika barua yako umeliacha. Umeeleza aibu yako, alama zako, usingizi wako, lakini hukuniambia kama umekwenda kutafuta jibu. Mwanangu, tafuta jibu kwanza. Hata ungemwomba radhi mara kumi, swali lake lingebaki palepale.

Tuchukue mfano wa dukani, mahali ambapo kila mtoto wa kijiji ametumwa kununua mafuta ya kula. Mwenye duka ana lita 3, na kila mteja anataka robo lita. Atahudumia wateja wangapi? Kila lita ina robo 4, kwa hiyo lita 3 zina robo 12, na wateja ni 12. Hapo umegawanya 3 kwa robo, na umepata 12 kwa kuzidisha 3 mara 4. Jibu limekuwa kubwa kwa sababu hukuuliza kila mtu atapata kiasi gani, uliuliza kipimo kidogo kinaingia mara ngapi ndani ya kitu kikubwa, na kipimo kikiwa kidogo kitaingia mara nyingi. Mtoto akilipata hilo, mpe la pili: kuna lita 2, na kila mteja anataka theluthi mbili za lita. Lita 2 zikikatwa katika theluthi zinatoa theluthi 6; hapo umezidisha mara 3, ambayo ndiyo asili. Lakini kila mteja anachukua theluthi mbili kwa mpigo, kwa hiyo zile 6 unazigawa mbili mbili, unapata wateja 3. Hapo umegawanya kwa 2, ambayo ndiyo kiasi. Kuzidisha kwa asili na kugawanya kwa kiasi: kupindua ni njia fupi ya kuandika mambo hayo mawili kwa pamoja. Na tunapindua ya pili kwa sababu ya pili ndiyo kipimo, ya kwanza ni mafuta yenyewe yanayopimwa. Maswali yote mawili ya binti yako yamejibika kwa dumu la mafuta na kikombe, na yale maboksi yako ya rangi, ambayo natambua yalikugharimu usingizi, hayakuhitajika.

Usijidharau kwa kutolijua hilo. Mtafiti aitwaye Liping Ma, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1999, aliwapa walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China hesabu moja ya aina hiihii, kugawanya moja na robo tatu kwa nusu, kisha akawaomba watunge mfano wa maisha unaoonyesha maana yake. Kati ya walimu 23 wa Marekani, ni mmoja tu aliyeweza kutunga mfano uliokuwa na maana sahihi. Wengi walichanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili. Walimu wa China, ambao walikuwa 72, wote walipata jibu sahihi, na walio wengi walitunga mifano sahihi, baadhi yao wakitoa mifano ya namna kadhaa. Wengi wa walimu hao wa China walikuwa na elimu ya darasani ya miaka michache kuliko wenzao wa Marekani. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kuketi pamoja na walimu wenzao, kitabu cha kiada kikiwa mezani, wakiulizana kwa nini hesabu inakwenda hivi na wanafunzi watakwama wapi. Hilo unaweza kulianza kesho. Kabla ya kila somo mweleze mwenzako mfano wako wa kwanza, na umwombe akuulize "kwa nini" mara tatu mfululizo. Pale utakaposhindwa kujibu ndipo pa kufanyia kazi usiku huo.

Na siku utakayoulizwa ukashindwa, kwa sababu siku hiyo itakuja tena, sema hivi: "Swali lako ni zuri. Sina jibu la uhakika sasa hivi. Nitakuletea Alhamisi." Kisha andika swali hilo kwenye kona ya juu ya ubao, juu yake uandike neno "deni," na usilifute mpaka umelilipa. Hilo ndilo neno nililokuahidi. Lifanyie mazoezi kwa sauti, ukiwa peke yako, mpaka litoke kirahisi kama lile la mwalimu wako lilivyotoka. Ninajua unaogopa kwamba watoto watakudharau. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona darasa likimdharau mwalimu aliyelipa deni lake siku aliyoahidi. Nimeliona likimdharau aliyeahidi akasahau, kwa hiyo usiahidi siku ambayo huna hakika nayo.

Naomba nikusimulie la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundisha Kiswahili, na mvulana mmoja aliniuliza kwa nini tunasema "kiti kimeanguka" na "kikombe kimeanguka," lakini tukifika kwa "kiongozi" tunasema "ameanguka." Nikamjibu kwamba ndivyo Kiswahili kilivyo, na kwamba Mswahili hahitaji kuuliza. Alikuwa mtoto wa wafugaji, Kiswahili alikikuta shuleni, na jibu langu lilimwambia kwamba lugha hii si yake. Baada ya muhula mmoja aliacha shule. Sisemi kwamba aliacha kwa sababu yangu, maana nyumbani kwao kulikuwa na sababu nyingine nyingi. Nasema kwamba sikuwahi kupata nafasi ya kumweleza kuwa jina la mtu au mnyama, hata likianza na ki-, huchukua upatanisho wa viumbe hai, na kwamba yeye alikuwa ameona jambo ambalo sisi tuliozaliwa na lugha hii hatulioni. Mwaka uliofuata nilinunua kaunta buku, nikaanza kuandika kila jioni swali moja nililoshindwa kulijibu vizuri siku ile. Mwanzoni kurasa nyingi zilikuwa tupu, nami nikafurahi, nikidhani najua kila kitu. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba kurasa zilikuwa tupu kwa sababu watoto walikuwa hawaniulizi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye alama zako za juu. Nikiwa mkufunzi, mimi pia nimewahi kutoa alama kwa ajili ya ukimya. Unaingia darasa la watoto 90, jua ni kali, una wanachuo wengine watatu wa kuwaona kabla ya basi la jioni, na ukikuta darasa limetulia unashukuru na kuandika "udhibiti mzuri." Simlaumu mkufunzi wako, lakini sitakuficha kwamba alama ile haikukutendea haki wewe wala wale watoto. Darasa lililotulia kwa sababu linafikiri lina sauti zake: kalamu, minong'ono, mtu anayemsahihisha jirani yake. Lililotulia kwa hofu halina. Ukipata nafasi ya kuzungumza naye kwa heshima mtakaporudi chuoni, mweleze kilichotokea kama ulivyonieleza mimi. Huenda akashtuka, na huenda likamsaidia kuliko unavyodhani.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Kanuni za adhabu ya viboko nchini kwetu Tanzania, zilizowekwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa makosa makubwa ya nidhamu, viboko visivyozidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mwanachuo aliye katika mazoezi hana idhini hiyo, na swali la Hisabati si kosa la nidhamu. Mimi binafsi ningependa fimbo itoke kabisa madarasani, lakini hata asiyekubaliana nami hawezi kukuambia kwamba uishike wewe. Mshukuru yule mwalimu mzoefu wa hapo kwa ukarimu wake, jifunze kwake mengine anayoyajua kuhusu kijiji kile na watoto wale, ila hilo usilichukue. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jambo la kwanza kati ya yale aliyotaka elimu yetu ilijenge kwa kila raia lilikuwa akili ya udadisi. Yule binti wa dawati la tatu alikuwa nayo asubuhi ile, tena mbele ya mgeni mwenye fomu, katika darasa ambalo wenzake 80 na zaidi walikuwa wamekubali kupindua bila kuuliza.

Swali lako la wito sitalikalia muda mrefu. Nimewaona walioingia chuoni wakisema wameitwa, wakakata tamaa mwaka wa pili kazini walipokutana na darasa lisilo na milango. Nimewaona pia waliokuja kwa sababu walikosa kwingine, na leo ni walimu ambao ningewakabidhi wajukuu wangu. Nilichokiona mara nyingi zaidi ni kwamba upendo wa kazi hii humjia mtu akiwa tayari anaifanya, tena humjia kwa njia ya mtoto mmoja mmoja. Chakula kilikushinda jioni ile kwa sababu ya mtoto mmoja kati ya 96, na alama zako za juu hazikukusaidia kukimeza. Sioni sababu ya mtu huyo kuacha ualimu sasa. Kama mwakani bado moyo wako uko kwenye uuguzi, hilo litakuwa jambo la kuzungumza na baba yako kwa utulivu, lakini usilifanye kuwa njia ya kukimbia darasa hili.

Yale niliyokuandikia kwa ufupi siku ile nayarudia hapa kwa ajili ya wengine. Kipindi chako kijacho ingia na dumu, maji ya rangi badala ya mafuta, na vikombe. Liambie darasa zima: "Wiki iliyopita mwenzenu aliniuliza swali. Sikujua jibu, na badala ya kusema sijui nikamjibu vibaya, mkacheka. Kosa lilikuwa langu. Leo nimeleta jibu." Usimtaje jina wala usimsimamishe, macho ya watu 85 yalimtosha mara moja. Usimwite ofisini peke yake ukitaka akusamehe, kwa sababu mtoto hawezi kumkatalia mwalimu, na msamaha wa namna hiyo ungekuwa wa kukutuliza wewe tu. Baada ya somo, nusu ya mwisho ya kipindi, wape wote vipande vya karatasi, kila mmoja aandike swali moja alilonalo kuhusu sehemu, bila jina. Vipande 85 ni vingi kusoma kwa mwanga wa kibatari, lakini visome. Huenda yeye asiandike kitu. Huenda asinyooshe mkono tena mpaka uondoke, na itakupasa ulikubali hilo bila kumchukia.

Andalio la siku ile limeshasainiwa, liache kama lilivyo. Chukua daftari lako mwenyewe, uandike tarehe ileile, na chini yake uandike kilichotokea: swali lilikuwa nini, ulijibu nini, nani alicheka, ulikuwa unamwogopa nani. Kisha maandalio ya wiki hizi mbili zilizobaki, pale chini, jaza ulichokiona kweli, hata kama ni mstari mmoja wa kusema kwamba wanafunzi wa madawati ya nyuma hawakuweza kutofautisha kiasi na asili na kwamba kesho utaanzia kwao. Mwalimu wa taaluma akikuuliza kwa nini maoni yako hayafanani na ya wengine, mwonyeshe vile vipande vya karatasi.

Na siku ya kuaga, utakapomkabidhi mwalimu wa somo vitabu vyake na chaki zilizobaki, mwambie kwamba dawati la tatu kuna binti mwenye maswali mazuri, kwamba kwa sasa amenyamaza na sababu yake ni wewe, na umwombe amsubiri.